Kumsindikiza Bi Mwanaisha

Veronika alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa nachambua mchele barazani kwangu Chanika, Handeni. "Shikamoo mama," akasema. "Baba ametutoka." Nikauliza saa ngapi, nikauliza mazishi lini, nikauliza kama wadogo zake wamepata habari, maswali yote ambayo mtu mzima huuliza ili asianze kulia. Nilipokata simu nikarudi kwenye ungo wangu, na baada ya muda nikagundua kwamba natupa mchele na kubakisha mawe. Baba yake Veronika alikuwa Alfonsi, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati ambayo mimi nilikuwa karani wake nikiwa na miaka ishirini. Kuna mwaka mmoja niliokaa nyumbani kwake, nikala mezani kwake, na huo mwaka sijawahi kuusimulia sawasawa. Wanangu wanaujua kwa nje tu: mama alikuwa karani kijijini, akachaguliwa kwenda kozi Korogwe, akawa mshauri wa wagonjwa hospitalini mpaka akastaafu. Hakuna uongo hapo. Mimi ni hodari sana wa kusema kweli nusu nusu, na watu wananisifu kwamba sina maneno mengi. Ya kwetu na ya wazazi wangu nitayaacha, kwa sababu hawana kosa katika jambo hili.

Ulikuwa mwaka ambao watu wa Handeni walitolewa kwenye vitongoji vyao na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa. Jina la kijiji chetu sitalitaja; wako watu huko wanaoishi vizuri na sitaki kuwatia mdomoni mwa watu. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari, nyingine bado fito tupu bila udongo, na zahanati ilikuwa na bati jipya lililokuwa likilia kila jua lilipopanda. Watu walikuwa wakija na magonjwa ambayo hatukuwa na dawa yake. Mmoja halali, mwingine moyo unamwenda mbio akiwa amekaa, mwingine anasimama katikati ya shamba na kusahau alichofuata. Dresa aliwapa aspirini mpaka kopo likaisha. Ndipo ikaja amri kutoka juu kwamba wagonjwa wa namna hiyo wapewe ushauri, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na nilikuwa nimefika darasa ambalo wengine hawakufika, nikapewa chumba. Nakikumbuka chumba kile kuliko ninavyokumbuka chumba cha harusi yangu. Meza moja, viti viwili vinavyotazamana, kitambaa cha meza chenye maua niliyoyatarizi mwenyewe, na daftari kubwa lenye safu nne: Jina, Shida, Sababu, Hatua. Dirisha lake lilitazamana na ofisi ya kijiji. Ukikaa kwenye kiti cha mgonjwa ulikuwa unamwona katibu wa kijiji mezani kwake, na yeye akiinua kichwa anakuona.

Walikuja, wakakaa ukingoni mwa kiti kama watu waliokuja kuomba kazi, wakanijibu vizuri. "Sijambo mwanangu. Nyumba mpya ni nzuri. Maji yako karibu." Nikaandika Jina, nikaandika Shida, na kwenye Sababu nikabaki na kalamu hewani. Mzee mmoja aliniuliza kama na mimi nina shida ya usingizi, maana nilikuwa nampigia miayo usoni. Miezi minne ikapita na safu ya Sababu ilikuwa nyeupe kutoka juu mpaka chini. Nililichukia daftari lile. Nilikuwa nalifunika kwa kitambaa changu cha maua kila mtu alipoingia, ili wasione kwamba sina kazi.

Dresa Alfonsi hakukanyaga chumba changu. Alikuwa mtoto wa manamba, baba yake alikuja kukata mkonge upande wa Korogwe akafia huko huko, na yeye alianza udresa akiwa kijana katika zahanati ya shamba la mkonge. Aliniambia kwamba kule aliona jambo moja: mkata mkonge akikaa mbele ya meza ni kidonda tu ndicho kinachosema, lakini ukitoka naye kumrudisha kambini, kabla hamjafika nusu ya njia atakwambia kwamba ameota mke wake amezikwa. Hapo kwetu akakuta jambo hilo limeshapewa jina siku nyingi. Wazigua, kama watu wengi wa nchi hii, hawamwachi mgeni atoke peke yake. Unamsindikiza, unamchukulia mzigo wake, mnakwenda pamoja mpaka mahali fulani, unamrudishia mzigo, unageuka. Na kila mtu anajua kwamba mgeni anaweza kushinda kwako kutwa akizungumzia mvua, halafu neno lililomleta akalitoa mmeshavuka mto. Dresa akalifanya hilo kuwa tiba yake. Mgonjwa akimaliza kupimwa, anasikia: "Unarudi? Ngoja nikusindikize." Anachukua kikapu chake, wanaondoka. Watu walicheka. Walisema Dresa anawapeleka wagonjwa kupunga upepo, walisema serikali imejenga zahanati ya matofali na yeye ameifanya ya miguu. Na mimi nilicheka nao, kwa sauti ndogo, maana nilikuwa nakula kwake.

Bi Mwanaisha alikuja kwangu kwanza. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, kanga yake safi lakini ameivaa ndani nje bila kujua. Halali, alisema, na chungu kinaungua mbele ya macho yake. Mara tatu alikaa kwenye kile kiti, mara tatu akasema hana tatizo jingine, akawa anatazama dirishani. Mara ya tatu Dresa akachungulia mlangoni na kumwambia maneno yake yale yale, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Zaina, njoo. Utakaa humo mpaka uote uyoga." Nikavaa viatu vyangu vya ngozi, viatu vya ofisini, nikafuata.

Njia ilikuwa nyembamba, tukaenda mmoja nyuma ya mwingine: Bi Mwanaisha mbele, Dresa na kikapu nyuma yake, mimi mkiani nikikwepa umande. Nilifikiri ametangulia kwa bahati tu. Siku ya pili nilipotaka kumpita, Dresa alinishika bega akanirudisha, na tulipobaki wawili akaniambia, "Mgonjwa atangulie. Ukitangulia wewe unampeleka unakotaka. Akitangulia yeye, anakwenda na mwendo wa moyo wake, na haoni uso wako ukishangaa." Akaniambia nisiulize maswali. Akisimama, nisimame. Akinyamaza, nimwachie. Na jambo la mwisho alilisema akiwa amesimama kwenye kichuguu tulichokuwa tunageukia kila mara, mikono mitupu: "Unaona nimemrudishia kikapu chake? Yale aliyosema njiani nimemrudishia humo humo. Hatuendi nayo nyumbani. Wewe na mimi hatuna chetu ndani." Nikaitikia ndiyo, Dresa. Nilikuwa nafikiria viatu vyangu.

Siku ya kwanza Bi Mwanaisha alizungumzia magugu. Ya pili alizungumzia mbuzi. Ya nne, tulipofika pale ambapo njia moja inakwenda kwenye nyumba za kijiji na nyingine inaingia kwenye pori kuelekea mahame, yaani vile vitongoji vya zamani walivyohamishwa, alisimama. Hakugeuka. Aliongea akiwa ametupa mgongo, na mpaka leo nikimkumbuka naona visigino vyake na upindo wa kanga.

"Mama yangu yuko kule," akasema.

Dresa akahamishia kikapu mkono wa pili.

"Hakupanda lori. Alisema yeye haoni, nyumba ile anaijua kwa mikono, kila nguzo anaijua, hiyo mpya ataijulia wapi. Walipokuja kuandika majina nikasema alishakufa. Nimemwua kwa mdomo wangu mwenyewe, Dresa. Halafu kila Ijumaa nampelekea uji na muhogo, namkuta amekaa mlangoni ananiambia, umechelewa."

Nilimsikia Dresa akishusha pumzi. Nilingoja atoe ushauri. Mimi nilikuwa na mwingi tayari. Yeye akauliza, "Kuni anazo?"

"Namkatia."

"Maji?"

"Mtungi ninamjazia."

"Haya," akasema Dresa. Tukaendelea na safari. Kwenye kichuguu akampa kikapu chake, na Bi Mwanaisha akakipokea kwa mikono miwili, akaenda zake akitembea kama mtu aliyeondolewa kitu mgongoni. Wiki iliyofuata alikuwa amepata usingizi siku nne. Ya baada yake alicheka, kwa sababu mimi niliteleza nikakaa kwenye matope na viatu vyangu. Nilimwona akipona, na hilo ndilo linalonimaliza. Dresa alikuwa akitafuta njia. Alikuwa amekwisha kumdokeza mwenyekiti wa kijiji, kwa mbali, bila jina, kama wazee wasiojiweza wangeweza kuachwa makwao mpaka mavuno. Mwenyekiti hakukataa. Ilikuwa ni suala la kungoja wiki chache.

Kisha akaja mkaguzi kutoka Korogwe, na Landrova lake, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, ana harufu ya sabuni nzuri. Akaingia chumbani kwangu, akafunua kitambaa cha maua, akafungua daftari. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine. "Dada," akaniuliza, "miezi yote hii watu hawakuwa na sababu?" Katibu wa kijiji alikuwa mlangoni, akacheka. Mkaguzi akasema nafasi za kozi Korogwe ni chache na wanawatafuta watu wanaojua kazi. Akasema atakunywa chai kwa mwenyekiti, arudi baadaye kulichukua daftari. Nikabaki peke yangu, masikio yananiwaka moto.

Ningependa kusema kwamba nilitishwa. Hakuna aliyenitisha. Niliona aibu ya ukurasa mweupe, basi. Nikachukua kalamu, na kwa mwandiko wangu ule mzuri nikaandika jina la Bi Mwanaisha, kisha Shida: kukosa usingizi. Kisha Sababu: mama yake mzazi, kipofu, amefichwa mahame, alitajwa kuwa marehemu, hupelekewa chakula kila Ijumaa. Nikafika kwenye Hatua. Hapo nilisita, nakumbuka nilisita, nikaandika: mzazi aletwe kijijini apate huduma. Niliupulizia wino ukauke. Nikalisoma tena nikaliona zuri. Niseme yote: nilijisikia fahari.

Mkaguzi alilisoma kwa sauti, katibu akiwa palepale. Akanisifu. "Sasa hii ndiyo taarifa," akasema. Kesho yake mgambo wakaenda na trekta. Walimleta yule bibi kwenye tela, amekaa juu ya magunia, amekumbatia mtungi mtupu, anauliza kila mtu tumefika wapi. Nyumba yake waliitia moto ili asiwe na pa kurudi. Harufu ilikuwa bado imeshika kwenye kanga yake. Bi Mwanaisha alisimama mbele ya ofisi ya kijiji mikono kichwani. Hakupiga kelele. Alikuwa anatutazama sisi watu wa zahanati, mmoja mmoja, na macho yake yakafika kwangu.

"Nani amesema?" akauliza. "Nilisema kwa watu wawili tu."

Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha chumba changu. Nilifungua mdomo, hilo naweza kuliapia. Lakini Dresa Alfonsi alishapiga hatua mbele. "Ni mimi, Bi Mwanaisha," akasema. "Nilimwambia binti aandike. Yeye ni karani, haandiki ila anachoambiwa." Hakunitazama. Bi Mwanaisha alimwendea karibu kabisa, nikadhani atampiga. Akamwambia taratibu, "Na kikapu changu ulikuwa unabeba." Akaenda kumshusha mama yake. Mimi nikafunga mdomo wangu, na hivyo ndivyo nilivyoukaa mwaka ule na miaka yote iliyofuata.

Alasiri ile nilikuwa uani kwa Dresa nikichekecha unga. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa fito, maneno yalikuwa yanapita kama moshi. Mkewe, Mama Veronika, alikuwa anapika kande, na Veronika mwenyewe, mtoto wa mwaka mmoja hivi, alikuwa mgongoni mwake analialia.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Yule ni binti wa watu. Ana kozi mbele yake."

"Na wewe una nini mbele yako? Kijiji kizima kitatutemea mate."

"Nilimchukua mimi kwenda njiani kabla hajajua njia ni kitu gani. Kosa langu hilo."

"Basi aseme mwenyewe! Ana mdomo."

"Atasema," akasema Dresa. "Mwache. Atasema akiwa tayari."

Mama Veronika akaniita kula. Akanipakulia kande kama siku zote, maharage mengi, akaweka na kipande cha nazi juu kwa sababu alijua napenda. Nikala. Nilimaliza sahani, nikasema ahsante, nikaosha na sufuria.

Yule bibi kipofu aliishi kijijini miezi miwili. Kila asubuhi alikuwa akipapasa ukuta wa nyumba mpya akitafuta mlango upande ambao haukuwepo. Alifariki kabla ya mvua. Bi Mwanaisha hakuja tena zahanati, hata alipokuwa na homa, na hakuna mgonjwa mwingine aliyekubali kusindikizwa. Dresa akisema ngoja nikusindikize, watu walikuwa wanashika vikapu vyao kwa nguvu wanaharakisha. Nilipoondoka kwenda Korogwe kwenye kozi, yeye alinisindikiza mpaka barabarani, begi langu kichwani mwake, mimi nimetangulia. Tulitembea mwendo mrefu. Alinyamaza, akaniachia nafasi, na mimi nilielewa kabisa nafasi ile ni ya nini. Nikazungumzia mvua. Tulipofika akanirudishia begi, akasema, "Haya Zaina. Safari njema." Nilisikia mwaka uliofuata kwamba wamemhamisha.

Nimekaa kwenye viti vya ushauri zaidi ya miaka thelathini, siku zote nyuma ya meza. Karibu na kustaafu kwangu walikuja vijana kutoka Dar es Salaam kutufundisha, wakatuonyesha picha ukutani: mshauri na mgonjwa wanatembea bustanini chini ya miti. Wakasema ni njia mpya, kwamba mtu anayetembea hufunguka kuliko aliyeketishwa ofisini. Wenzangu waliandika. Mmoja akauliza, na jua letu hili? Tukacheka wote. Mimi nilinyoosha mkono nikauliza kama mgonjwa anatangulia au anafuata, na kijana akasema hilo halimo kwenye mwongozo. Nilikwenda msalani nikakaa humo mpaka chai ikaisha.

Dresa tulimzika Korogwe, Ijumaa. Nililala matangani siku mbili, jikoni na kina mama, na nikasikia nilichostahili kusikia. "Alikuwa mtu mwema sana marehemu," mmoja alisema akimenya viazi, "ila ile habari ya Handeni, mh." Mwingine akasema, "Kila mtu na doa lake." Nikaendelea kukata vitunguu, na vitunguu vikanisaidia.

Jumapili asubuhi Veronika akasema atanisindikiza mpaka stendi. Alichukua mkoba wangu, akautia mkononi mwake, tukatoka. Ni mama wa watu wazima sasa, anatembea kama baba yake, miguu ikitupwa nje kidogo. Kwenye kichochoro njia ikawa nyembamba, nikajikuta nimetangulia.

"Mama," akasema nyuma yangu, "wewe ulikuwa naye kule. Nikiwa shule kuna watoto waliotokea huko, walikuwa wananiita mtoto wa msaliti. Nilimwuliza baba. Akasema ndiyo, ni mimi. Mara moja tu, hakuongeza. Mama naye amekufa hakusema neno. Mimi sikumwuguza kwa moyo mmoja, mama. Nilimwosha, nilimlisha, lakini kila nikimgeuza kitandani nilikuwa namfikiria yule bibi kipofu." Hatua zake zikanikaribia. "Ni kweli aliwauza?"

Mbele yangu nilikuwa naona paa za stendi, makondakta wanaita Mkata, Mkata, Handeni. Zilibaki hatua hamsini labda. Ningeweza kusema ni mambo ya zamani, mwanangu, na angeniamini, na basi langu lilikuwa linajaza. Nilisimama. Sikugeuka.

"Ile taarifa niliiandika mimi," nikasema. "Baba yako hakuniambia niandike. Hakujua. Alisema ni yeye ili nipate kozi, na mimi nikanyamaza. Nilimsikia akimwambia mama yako kwamba nitasema nikiwa tayari."

Mtu alipita na baiskeli ikabidi tujibane ukutani, bado sikumwona Veronika uso. Kisha mkono wake ukapita ubavuni mwangu ukiwa na mkoba. Stendi ilikuwa bado, na desturi ni kumfikisha mgeni, hasa mtu mzima kama mimi. Nikaupokea. Nilimsikia akigeuka, viatu vyake vikirudi kule tulikotoka, taratibu, halafu kwa haraka.

Hatua zile nilizitembea peke yangu, mkoba ukinivuta bega. Ulikuwa mzito kuliko nilivyokuja nao. Nilipopata kiti nikaufungua, nikakuta machungwa sita, yamefungwa kwenye kanga mpya ya mazishi, ile waliyogawiwa watu wa familia. Alikuwa ameyatia asubuhi, kabla hajaniuliza.